Joto Lipelekwe Linapohitajika: Hita, Luku na Baridi ya Uluguru

Mji wa Morogoro uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa miezi mingi ya mwaka mkazi wake analalamikia joto. Kipupwe kikiingia, kati ya Juni na Agosti, malalamiko yanageuka. Usiku hewa hupoa hadi karibu nyuzi 15, na alfajiri maji ya bombani Kilakala na Bigwa yanauma vidole. Ukipanda gari la Mgeta, ukapita Mlali na kuanza kukata kona za mlima, kila mita 1,000 unazopanda zinakupunguzia takriban nyuzi 6. Nyandira na Tchenzema, juu ya mita 1,500, ni nchi ya kabichi, njegere na viazi mviringo, na usiku wa Julai huko unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mtoto wa huko anakwenda shule na sweta, na halivui hadi jua limepanda.

Nyumba zetu hazikujengewa mitambo ya kupasha hewa ya vyumbani kama nyumba za Ulaya, wala hazina haja nayo. Hata hivyo umeme tunautumia kutafuta joto kila siku: kwenye hita ya maji, shawa ya moto, birika, pasi, jiko la presha, na kwa wafugaji, mashine ya kutotolea vifaranga. Na karibu kila kimoja kati ya hivyo kina themostati ndani yake, kifaa kidogo ambacho wengi wetu hatujawahi kukiona kwa macho ingawa ndicho kinachoamua kiasi cha yuniti zinazokatwa kwenye mita ya Luku.

Kosa kubwa tunalolifanya ni kuchanganya mambo mawili. Kuna kiwango cha joto, kinachopimwa kwa nyuzi, na kuna kasi ya kupasha, inayotokana na wati. Themostati inasimamia kiwango peke yake. Hita ya wati 1,500 ina wati 1,500 ukiiweka nyuzi 40 na ina wati 1,500 ukiiweka nyuzi 75. Mtu mwenye haraka anayezungusha kitufe hadi mwisho ili maji yawahi kupata moto hapati maji mapema hata kwa dakika moja. Anachopata ni hita isiyojua kusimama, inayoendelea kula umeme baada ya yeye kumaliza kuoga na kuondoka.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kuielewa. Metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti zinabanwa pamoja. Joto likipanda, moja inarefuka kuliko mwenzake, kipande kinapinda na kukata umeme. Joto likishuka kinanyooka na umeme unarudi. Andrew Ure, mkemia wa Uskoti, alipata hataza ya kifaa cha namna hiyo mwaka 1830. Ule mlio mdogo wa "tik" unaousikia kwenye pasi ikishapata moto ni kazi ya kipande hicho.

Kwenye hita ya maji ya ukutani kuna cha kuangalia zaidi. Zima kwanza swichi kuu, kisha fundi afungue kifuniko cha plastiki cha chini. Ndani utaona waya zinazokwenda kwenye elementi, yaani koili inayopasha maji, na pembeni yake fimbo nyembamba iliyochomekwa ndani ya tangi, yenye kichwa cha plastiki. Hiyo ndiyo themostati. Juu yake kuna skrubu ndogo yenye alama za nyuzi au namba tu, na mara nyingi kidude cha kubonyeza, ambacho ni kinga ya pili: themostati ikishindwa kazi na maji yakakaribia kuchemka, kinga hiyo inakata umeme na haurudi mpaka mtu aibonyeze kwa mkono. Hita nyingi zinatoka dukani zimewekwa karibu na kiwango cha juu, na zinafungwa ukutani hivyo hivyo bila mtu kugusa ile skrubu.

Kinga hiyo inapokata mara kwa mara, kuna mafundi wanaoamua kuiweka hita "dairekti", maana yake wanaiondoa themostati kwenye njia na kuunganisha waya moja kwa moja kwenye elementi. Mteja anafurahi kwa kuwa maji yanapata moto tena na hakuuziwa kifaa kipya. Nasema bila kupunguza neno: hiyo ni hatari ya kuua. Tangi lililofungwa ambalo halina cha kulizuia linachemka, linajaa mvuke, na kinachobaki kati ya mwenye nyumba na mlipuko ni valvu ndogo ya usalama kwenye bomba la maji baridi. Valvu hiyo nayo, kwa kuwa hudondosha matone maji yanapotanuka, utaikuta imezibwa kwa kijiti au kufungwa mpira ili isilowanishe sakafu. Matone yale ni ya lazima. Wekea kopo.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo mfuko unapoguswa. Kupasha lita 30 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji yuniti 1.4, na hita ya wati 1,500 inaifanya kazi hiyo kwa muda usiofika saa moja. Ukichanganya lita hizo na lita 30 za baridi unapata lita 60 za maji ya nyuzi 40, yanayotosha watu watatu au wanne kuoga kwa ndoo. Kila siku kwa mwezi mzima, ni yuniti 42. Hiyo ni gharama halali, umeipata ngozini. Lakini hita iliyoachwa imewashwa usiku na mchana inapoteza joto kupitia kuta zake hata kama hakuna aliyefungua bomba; tangi dogo lisilofunikwa vizuri linaweza kupoteza kati ya nusu yuniti na yuniti nzima kwa siku. Jumlisha yuniti 15 hadi 30 kwa mwezi ambazo hazikumwogesha mtu.

Katika bei zilizoanza mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani anapewa yuniti 75 za mwezi kwa shilingi 100 kila moja, na zinazozidi hapo analipia shilingi 350. Mteja wa kawaida analipa shilingi 292. Juu yake kuna asilimia 18 ya VAT, asilimia 3 ya nishati vijijini na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati, ndiyo maana yuniti ya shilingi 292 inamfikia mtu kwa shilingi 356 hivi. Angalia sasa: yuniti 42 za kuoga na yuniti 30 za kupotea ni 72. Hita moja isiyozimwa inaweza kuimaliza karibu nafasi yote ya bei nafuu kabla jokofu, taa na televisheni havijahesabiwa. Familia inayojiuliza kwa nini umeme umepanda ghafla mwezi wa Julai ianzie bafuni.

Wapo wanaoshikilia kwamba kuizima na kuiwasha upya kunakula zaidi kuliko kuiacha. Si kweli. Joto hutoroka kwa kadiri maji yanavyokuwa moto kuliko hewa iliyoyazunguka. Tangi linalopoa linapoteza kidogo zaidi kila saa inayopita, na kinachorudishwa unapowasha tena hakizidi kile kilichopotea. Kwa hiyo washa saa moja kabla ya kuoga, zima ukimaliza. Hapa kwetu umeme wa nyumbani hauna bei ya usiku iliyo tofauti na ya mchana, basi hakuna faida ya kusubiri saa fulani. Faida iko kwenye saa ambazo hita imelala.

Kuhusu nyuzi zenyewe, pendekezo langu ni 60 kwa hita yenye tangi, na nina sababu pande zote mbili. Maji yanayokaa kati ya nyuzi 20 na 45 ni makazi mazuri ya bakteria aitwaye Legionella, anayesababisha homa kali ya mapafu. Jina lake linatokana na mkutano wa maveterani wa American Legion mjini Philadelphia mwaka 1976, ambako wajumbe wengi waliugua na baadhi kufa. Nyuzi 60 zinamuua. Lakini maji hayo hayo ya nyuzi 60 yanaweza kumbabua mtu mzima vibaya kwa sekunde 5 hivi, na mtoto kwa muda mfupi zaidi. Basi bomba la baridi lifunguliwe kwanza, la moto lifuate, na mtoto asiachwe kujifungulia. Nyuzi 75 hazimsaidii yeyote katika nyumba ya kawaida.

Shawa ya moto, ile ya kichwa cha plastiki inayopatikana kila duka la vifaa vya umeme Morogoro, ina tabia yake. Haina tangi, kwa hiyo haipotezi joto kwa kusubiri, na kwa kawaida haina themostati ya kulinda kiwango. Ina wati zake, tuseme 5,500, na maji yanayopita. Yakipita lita 4 kwa dakika, inayaongezea kama nyuzi 20. Kihonda, ambako maji ya bombani yana nyuzi 22, utaoga maji ya nyuzi 42, moto wa kutosha. Ichukue shawa hiyo hiyo Nyandira, ambako maji yanaingia na nyuzi 15, utapata 35, na mtu ataanza kutetemeka. Dawa si kununua shawa nyingine. Punguza maji hadi lita 3 kwa dakika, nyongeza inapanda hadi nyuzi 26.

Milimani kuna tatizo jingine, la umeme mdogo. Nguvu ya koili hufuata mraba wa volti. Mwisho wa laini ndefu, jioni wakati kila nyumba imewasha, volti 230 zinaposhuka hadi 180, ile shawa ya wati 5,500 inabaki na wati 3,400 hivi. Mwenye nyumba anadhani imeharibika, kumbe inafanya kazi kwa sehemu tatu kati ya tano za nguvu yake. Inauma kidogo kulisema hili katika mkoa wenye mtambo wa Kidatu wa megawati 204 na Kihansi wa megawati 180, mkoa unaopakana na Pwani kwenye bwawa la Julius Nyerere, ambalo mashine zake 9 zina uwezo wa megawati 2,115. Umeme upo. Kinachohitaji kazi sasa ni nyaya na transfoma zinazoufikisha juu kule, na wanaosimamia usambazaji wanastahili kusukumwa kuhusu jambo hili kwa sauti ileile iliyotumika kudai bwawa.

Na shawa hizi zinavuta ampia 24. Zinataka waya wake peke yake wa milimita za mraba 4 au 6, breka yake, na waya wa ethi uliofika ardhini kweli. Waya wa milimita za mraba 2.5 wa soketi za sebuleni utapata moto ndani ya ukuta. Mpangaji wa nyumba iliyofungiwa shawa bila ethi ni bora aoge kwa maji ya birika.

Niingie chumbani, ambako hoja ya kupeleka joto linapohitajika inaonekana wazi zaidi. Chukua chumba cha mita tatu kwa tatu huko Mgeta, matofali ya kuchoma, bati juu, hakuna dari, matundu ya hewa juu ya dirisha. Hewa iliyomo ndani, ukiitaka ipande nyuzi 10, inahitaji chini ya sehemu moja ya kumi ya yuniti. Ni kidogo mno. Shida ni kwamba hewa hiyo haikai. Inapanda, inagusa bati lililopoa, inatoka kwenye matundu, na nyingine ya baridi inaingia chini ya mlango. Kukifanya chumba kama hicho kibaki na joto kunadai zaidi ya wati 1,000 mfululizo. Hita ya hewa ya wati 2,000, ikiwaka saa 8 bila kupumzika, inakula yuniti 16, zaidi ya shilingi 5,000 kwa usiku mmoja. Themostati yake haisaidii sana, maana imefungwa ndani ya mwili wa hita yenyewe na inapima joto la mahali hapo, si la kitanda kilicho upande wa pili.

Sasa pasha lita moja na nusu ya maji kwenye birika, yasifike kuchemka, yatie kwenye chupa ya mpira ya maji ya moto, ifunge kwa taulo na uiweke miguuni chini ya blanketi. Umetumia yuniti 0.1, shilingi 40 hivi, na kwa saa kadhaa mtu aliyelala ana joto ingawa chumba kina baridi yake. Mwili wenyewe ni tanuru. Kazi ya blanketi ni kuuzuia usipoteze. Baada ya hapo fedha iende kwenye dari, hata ya mkeka au mbao nyembamba, na kitambaa kizito chini ya mlango. Dari inalipwa mara moja, na kipupwe kitakuja kila mwaka.

Matundu ya hewa usiyazibe, hasa ikiwa kuna moto wowote ndani. Kila msimu wa baridi katika nyanda za juu za nchi hii kuna watu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango, na hawakuamka. Mkaa ulioshika vizuri, usio na moshi tena, ndio unaodanganya: unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu na kuizuia kubeba oksijeni. Anayelala haoni dalili. Ukilinganisha na kifo cha namna hiyo, birika la umeme na chupa ya mpira ni vitu vya bei ndogo kabisa, na kiongozi wa kijiji anayevihimiza Mei, kabla ya baridi kushika, anafanya kazi ya tiba.

Mkaa huo una upande wake mwingine pia. Misitu ya Uluguru, iliyotangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, ndiyo inayoshikilia vyanzo vya Ngerengere na Mgeta, maji yanayoingia Ruvu na kufika kwenye mabomba ya Dar es Salaam. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Kwa mtu wa mlimani umeme una faida ambayo haisemwi mara nyingi. Maji yanachemka mapema kadiri unavyopanda, karibu nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300, kwa hiyo Nyandira yanachemka kwenye nyuzi 95 na hayapandi zaidi hata ukiongeza kuni. Ndiyo maana maharage yanachukua muda mrefu huko. Jiko la presha la umeme linapandisha kiwango hadi kati ya nyuzi 110 na 120, kisha kidhibiti chake kinakata umeme na kuurudisha kidogo kidogo. Maharage yanaiva kwa kiwango, na presha ndiyo inayokipandisha.

Wafugaji wa kuku wa Morogoro wanajua umuhimu wa kulinda kiwango cha joto kuliko sisi wengine. Mashine ya kutotolea inatakiwa kushika nyuzi 37.5 kwa siku 21, na nyuzi mbili tu juu kwa muda mrefu zinaua vijusi ndani ya mayai. Cornelis Drebbel, mvumbuzi wa Kiholanzi aliyeishi Uingereza mwanzoni mwa karne ya 17, alitengeneza moja ya themostati za kwanza kabisa duniani na akaitumia kwenye mashine ya kutotolea vifaranga. Anayefuga hamruhusu mtu apandishe kitufe "ili yawahi". Anasubiri siku zake, na analinda nyuzi zake.

Kwa wanaojenga sasa Mkundi na Kihonda: wekeni hita karibu na bafu. Bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 10 linabakiza karibu lita mbili za maji ya moto ndani yake kila unapofunga, na hupoa hapo hapo. Swichi yake iwe mahali pa kufikika, yenye taa inayoonekana. Na fikirieni jua kabla ya umeme: Kenya ilitunga kanuni mwaka 2012 za kuyataka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yafunge hita za jua. Hosteli na nyumba za wageni za Morogoro zina jua hilohilo juu ya mabati yake, hata Julai, mawingu yakiondoka mlimani.

Kwa mpangaji ambaye nyumba si yake, kazi ni ya nusu saa. Kabla ya Juni mwite fundi mwenye leseni, azime swichi kuu, afungue kifuniko, aiweke themostati nyuzi 60, akague waya wa ethi na aone kama valvu inadondosha. Akikuta hita imewekwa dairekti, asiwashe mpaka afunge themostati mpya. Nunua chupa ya mpira kwa ajili ya watoto na wazee wa nyumbani. Na jiko la mkaa, hata baridi iwe kali namna gani, lilale nje.